Manowari za mbao hazikulipuka kama tunavyoonyeshwa

Siku moja pale Fort Jesus, Mombasa, nilimkuta kijana amesimama kando ya mzinga wenye kutu, simu mkononi, akiwaeleza watazamaji wake: "Huu, jamani, ukipiga merikebu mara moja tu, inasambaratika! Moto mpaka mbinguni!" Sikumkatiza. Picha hiyo tumelishwa sote na filamu za maharamia: mzinga unanguruma, merikebu ya pili inalipuka, na kabla moshi haujatawanyika imeshazama. Mambo hayakuwa hivyo, na kwa aliyekuwa ndani yalikuwa mabaya zaidi.

Nitazungumzia hasa manowari za tanga za Ulaya, zile zenye safu mbili au tatu za mizinga kila ubavu, maana ndizo zilizoachiwa kumbukumbu nyingi.

"Tufe la mzinga lililipuka likigonga"

Halikulipuka. Lilikuwa chuma kitupu cha kusubu. Mzinga mkubwa wa kawaida wa manowari ya Uingereza ulirusha tufe la ratili 32, yaani kilo 14 na nusu hivi, upana wake kama sentimita 16. Ndani hamna baruti hata chembe. Baruti ilishindiliwa nyuma ya tufe, karibu theluthi ya uzito wake, na kazi yake ikaishia mle mle ndani ya mzinga: kusukuma. Kilichofika upande wa pili ni uzito na mwendo tu.

Makombora ya kulipuka yalikuwapo, ila yalirushwa na vyombo maalumu vilivyotumwa kushambulia miji na ngome. Nahodha wa manowari ya kawaida hakuwa na hamu ya kurundika vitu vya namna hiyo kwenye sitaha ya mbao iliyojaa baruti na utambi unaowaka.

"Ilitobolewa mashimo, ikazama"

Hapa ndipo wengi hupotea. Chukua Trafalgar, kusini mwa Hispania, tarehe 21 Oktoba 1805. Uingereza ilikuwa na manowari kubwa 27, Ufaransa na Hispania kwa pamoja 33. Walipigana saa nyingi, nyingine zikiwa zimegandana ubavu kwa ubavu. Ilipofika jioni, 17 kati ya hizo 33 zilikuwa zimetekwa, na moja, Achille ya Ufaransa, ilikuwa imeshika moto ikalipuka. Iliyozamishwa na matundu ya mizinga palepale vitani? Hata moja. Nyingi zilipotea siku zilizofuata, pale tufani ilipozikuta zikivutwa kwa kamba, milingoti imevunjika, maji yamejaa ngamani.

Sababu ya kwanza ni mbao zenyewe. Ubavu wa HMS Victory, meli ya amiri wa Uingereza pale Trafalgar, karibu na mstari wa maji ulikuwa na unene wa sentimita 60 hivi, sehemu kubwa mbao za mwaloni. Mwaloni una ukaidi wake: tufe linapopita, nyuzi zinapisha, kisha zinarudi kujifunga, hata tundu la nje likabaki dogo kuliko tufe lililopita. Tena mizinga ya adui ililengwa juu ya maji, kwenye watu na mizinga mingine, na tundu lililo juu ya maji halizamishi chombo.

Lile la chini lilikuwa na wenyewe. Seremala wa meli na vijana wake walizunguka vitani kwenye ujia mwembamba ulioachwa wazi ndani ya ubavu, gizani, taa mkononi, wakisikiliza maji yanapoingilia. Walibeba vizibo vya mbao vilivyochongwa kama pia, mabamba ya madini ya risasi, na nyuzi za katani zenye lami. Fundi wa kalafati wa Lamu angeielewa kazi ile bila mkalimani: ziba, gongomea, jaza nyuzi, nenda kwenye tundu lingine. Mabomba nayo yakafua maji usiku kucha.

Na tusisahau pesa. Merikebu iliyotekwa ilithaminiwa, na mgawo wake ukashuka kutoka kwa amiri hadi kwa baharia wa chini kabisa, ingawa yeye alipata makombo. Kuizamisha ilikuwa kutupa mshahara wako baharini.

Haina maana kwamba haikutokea kamwe. Vengeur du Peuple ya Ufaransa ilizama tarehe 1 Juni 1794 kwa majeraha ya vita, pamoja na mamia ya watu wake, na Wafaransa waliisimulia kwa miaka. Kisa cha kila siku hakisimuliwi hivyo.

"Aliyekufa ni yule aliyepigwa na tufe"

Aliyesimama mbele ya tufe kweli hakuwa na bahati. Lakini tufe moja lilikuwa na njia moja nyembamba. Muuaji mwenye mikono mingi alikuwa ubavu wa merikebu yenyewe.

Nje panaonekana kitundu. Ndani, pale tufe linapotokea, mbao zinafumka: vibanzi vyembamba kama sindano ya kushonea magunia, na vingine virefu kama mkono wa mtu, vyote na ncha, vyote vikiruka kwa kutawanyika. Sitaha ya mizinga ilikuwa na dari la kuinamia, na kila mzinga ulizungukwa na kundi la watu waliovua mashati kwa joto. Kitabibu, kidonda cha kibanzi kilikuwa kibaya kwa namna yake, maana mbao hubeba uchafu na vipande vya nguo hadi ndani ya nyama, na daktari kule chini alikuwa na msumeno tu na mshumaa.

Kipindi kimoja cha televisheni cha Marekani kiliwahi kufyatua mzinga mbele ya mizoga ya nguruwe, kikatoa hukumu kwamba vibanzi havingeweza kuua. Hukumu hiyo bado inazunguka mitandaoni, na mimi naiona ya haraka mno. Mwaka 2014 Wasweden walisubu nakala ya mzinga wa ratili 24 wa merikebu ya Vasa, wakajenga kipande cha ubavu kama wa awali, wakaupiga. Ndani kulitoka mvua ya mbao. (Vasa yenyewe haikupigwa na mtu. Mwaka 1628, katika safari yake ya kwanza, mzito juu na mwepesi chini, ililazwa na upepo mdogo bandarini Stockholm, maji yakaingilia kwenye madirisha ya mizinga yake 64.)

Jambo linaloshangaza wengi ni kwamba tufe la kasi sana halikuwa baya zaidi. Likiwa na mwendo mkali linatoboa safi na kwenda zake. Likiwa na mwendo wa kutosha tu kupenya, linararua. Ndiyo maana mizinga mifupi iliyoanza kutengenezwa kule Carron, Scotland, miaka ya 1770 ikielekea mwisho, ilipendwa kwa mapigano ya karibu: mwepesi kubeba, tufe kubwa, mwendo wa chini. Mabaharia waliuita mvunjaji.

Ubaya wa mwisho ulikuwa kupigwa kutoka tezi. Nyuma ya manowari hapakuwa na ukuta wa mwaloni. Palikuwa na madirisha ya vioo ya chumba cha nahodha. Pale Trafalgar, Victory ilipita nyuma ya Bucentaure, meli ya amiri wa Ufaransa, ikafyatua mzinga mmoja baada ya mwingine kila ulipofikia tezi. Matufe yaliingia kwenye vioo yakakimbia urefu wote wa sitaha. Watu karibu 200 waliuawa kwenye meli hiyo siku ile. Haikuzama, iliteremsha bendera. Nelson mwenyewe, amiri wa Uingereza, akiwa juu ya Victory, aliuawa na risasi ya bunduki iliyotoka kwenye mlingoti wa Redoutable ya Ufaransa.

"Walipigana kwa mbali"

Tufe liliweza kwenda zaidi ya kilomita mbili. Kugonga kitu huko ni hadithi nyingine. Chombo kinayumba, na tufe lenyewe lilikuwa dogo kidogo kuliko tundu la mzinga, likitoka linagongagonga. Wazoefu walingoja hadi mita mia chache au chini ya hapo. Kilichowabeba Waingereza ni mazoezi: mzinga mmoja kila dakika moja na nusu, wengine wakiwa bado wanahangaika na mdeki.

"Constitution ilikuwa na mbavu za chuma"

Jina la utani tu. Tarehe 19 Agosti 1812 mabaharia wa manowari hiyo ya Marekani waliona matufe ya Guerriere ya Uingereza yakidunda ubavuni na kuanguka baharini, wakapiga kelele kwamba mbavu zake ni chuma. Zilikuwa mbao, mwaloni mgumu wa kusini mwa Marekani uliopangwa kwa karibu sana. Guerriere ilipoteza milingoti yote, na kesho yake Wamarekani wakaichoma moto kwa kuwa haikufaa tena kuvutwa. Hiyo nayo, kama mnavyoona, mizinga haikuizamisha.

Sasa ule mlipuko wa filamu umetoka wapi?

Kwanza, moto. L'Orient ya Ufaransa ilishika moto usiku wa 1 Agosti 1798 pale Abukir, Misri, ukafika kwenye ghala la baruti, na ikapasuka kwa kishindo kilichofanya mapigano yasimame kwa muda.

Pili, zama nyingine. Katika miaka ya 1820 Mfaransa Henri-Joseph Paixhans alibuni mzinga wa kurusha makombora ya kulipuka kwa njia iliyonyooka. Tarehe 30 Novemba 1853, kule Sinop, pwani ya Uturuki, Warusi waliyatumia dhidi ya kikosi cha Uthmaniya kilichotia nanga. Kombora liliingia kwenye mwaloni, likakaa, likalipuka humohumo. Kikosi kizima kiliteketea isipokuwa meli moja ya mvuke, Taif, iliyotoroka. Miaka michache baadaye Ufaransa na Uingereza zilikuwa zinajenga manowari za kuvikwa chuma.

Sisi wa pwani tunayo Glasgow, meli ya mvuke ya Sultani, iliyozamishwa bandarini Unguja tarehe 27 Agosti 1896. Huenda ndiyo iliyokuwa akilini mwa yule kijana. Lakini Waingereza waliopiga siku ile walikuwa na mizinga ya kizazi kingine kabisa. Maji ya pale hayakuwa na kina, na kwa miaka mingi baadaye milingoti yake ilibaki imechomoza juu ya maji, mbele ya mji.