Sanaa ya video na kazi za Nam June Paik

Sanaa ya video ni sanaa ambayo malighafi yake ni picha za kielektroniki pamoja na vyombo vinavyozibeba, yaani kamera, kanda na televisheni. Hutofautiana na filamu kwa kuwa haidai hadithi wala waigizaji, na mara nyingi mtazamaji huikuta katika jumba la makumbusho, akaizunguka na kuitazama kwa muda anaoutaka mwenyewe.

Anayetajwa zaidi kuwa mwanzilishi wake ni Nam June Paik, mzaliwa wa Seoul mwaka 1932, ambaye familia yake iliikimbia Vita vya Korea. Alisomea Tokyo, akaenda Ujerumani Magharibi kuendeleza muziki, na huko, katika mji wa Wuppertal, mwezi Machi 1963, alionyesha televisheni alizozichokonoa mitambo ili picha zake zipindike. Mwaka 1965, akiwa tayari amehamia New York, aliweka sumaku kubwa juu ya televisheni. Sumaku hiyo ilipindisha mkondo wa elektroni unaochora picha kwenye kioo, matangazo yakageuka mawimbi ya mwanga, na kila ilipohamishwa umbo nalo lilibadilika. Naona hapa ndipo kiini cha dhana yenyewe kilipo: chombo kilichomzoesha mtu kupokea tu kilimpa nafasi ya kujibu.

Kazi yake mashuhuri zaidi, TV Buddha ya mwaka 1974, ina sanamu ya Buddha iliyoketi mbele ya televisheni, huku kamera ikiichukua na kuirusha papo hapo, hivyo Buddha anajitazama bila kukoma. Wengi huieleza kuwa mgongano wa mila na teknolojia, maelezo ambayo kwangu hayatoshi, kwa sababu kamera inayorusha picha ya kitu kisichosogea huonyesha wakati ukipita bila tukio lolote, na utulivu wa namna hiyo ndio unaotafutwa katika tafakuri ya Kibuddha.

Kutegemea vyombo kuna gharama yake. Mnara wake wa televisheni 1,003, uliojengwa mwaka 1988 katika jumba la taifa la sanaa huko Gwacheon, Korea Kusini, idadi inayokumbusha tarehe 3 Oktoba (mwezi wa 10, siku ya 03), siku ya kuasisiwa kwa taifa la Korea, ulizimwa mwaka 2018 kwa uchakavu. Ulipowashwa tena mwaka 2022, baadhi ya televisheni zilikuwa zimetengenezwa, na nyingine zimewekewa vioo bapa vya kisasa.