Amidi wa Sayansi, Kipindi Kikiisha Utarudi Wapi?

Mwanasayansi akiteuliwa kuwa mkuu wa idara au amidi, pongezi humiminika na swali moja husahaulika: kipindi kikiisha, atarudi kwenye utafiti upi? Huku Mtwara na Lindi swali hili lina uzito wake. Wanasayansi wa vyuoni ni wachache, na mtu mmoja hufundisha, huongoza na kusimamia maabara kwa wakati mmoja. Kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mkoani Lindi, iliyo chini ya HEET, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya juu, nayo itahitaji viongozi.

Tuanze na linalogusa maisha moja kwa moja. Katika utumishi wa umma, umri wa kustaafu kwa lazima ni miaka 60, lakini sheria iliporekebishwa mwaka 2018, wahadhiri waandamizi na maprofesa waliongezewa hadi 65. Mhadhiri anayeongoza idara miaka nenda rudi bila kuchapisha anaweza kubaki mhadhiri, na ile miaka mitano ikampita. Uongozi peke yake haumpandishi mtu daraja la taaluma. Machapisho na ufundishaji ndivyo vinavyopimwa. Inaniuma kuona wachapakazi wakilishtukia jambo hili muda ukiwa umeshayoyoma.

Kwa hiyo jitathmini mapema. Fungua shajara yako ya miezi mitatu iliyopita, na pembeni mwa kila siku andika kilichokula muda: kikao, saini, kusahihisha, maabara, shamba. Andika kilichotokea, si ulichokusudia. Malengo unayojaza kwenye PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, ni ya kazi uliyopewa na mwajiri, na lazima yatimizwe. Lakini hayatakukumbusha kwamba hujaingia maabara tangu Pasaka.

Kisha tazama msimu wa utafiti wako. Chukua mtafiti wa ubwiriunga, ugonjwa wa kuvu unaofunika maua na machipukizi ya mikorosho kwa unga mweupe. Huyu hana hiari ya tarehe. Mikorosho ya kusini huchanua wakati wa kipupwe, kuanzia Juni hivi, na ndipo kuvu hushamiri. Juni hiyohiyo ofisi inafunga hesabu, maana mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na mitihani ya muhula wa pili iko mlangoni. Vikao vikimzuia wiki chache tu za maua, takwimu za mwaka mzima zimekwenda, asubiri mwakani. Mwenzake wa hisabati ana nafuu, anaweza kufanya kazi yake usiku.

Dawa yake ni kupanga tangu Januari nani atakaimu msimu huo, na kushirikiana na watu walio shambani muda wote. Kituo cha Naliendele cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), hapa hapa Mtwara, ndicho kinachoongoza utafiti wa korosho nchini. Kusimamia kwa pamoja mwanafunzi wa uzamili mwenye vipimo vyake huko kutauweka utafiti wako hai hata ukiwa umezongwa na mafaili.

Kabla ya kukubali kipindi cha pili, zungumza na anayekuteua na mwandikiane: siku moja kwa wiki isiyo na vikao, jina la atakayekaimu, na likizo ya utafiti utakapomaliza. Akikujibu kwamba mtaona mbele ya safari, mpishe mwenzako.