Bwawa Huzuia Maji, Huzuia na Tope

Barabara ya Iringa–Dodoma inapita juu ya tuta la bwawa la Mtera, na abiria wengi wanalijua kwa samaki wanaouzwa kando ya njia. Kumbe samaki ni nyongeza tu. Bwawa hilo, lililokamilika mwaka 1980, lilijengwa ili maji ya masika ya Ruaha Mkuu yawekwe akiba, yazungushe mitambo ya umeme ya Kidatu, chini zaidi mtoni, wakati wa kiangazi. Ukame ulipolishusha mwaka 2006, nchi iliingia kwenye mgawo wa umeme.

Kwa hiyo faida ya bwawa hailazimu kusimuliwa sana. Bwawa la Julius Nyerere huko Rufiji lina mitambo 9, kila mmoja megawati 235, jumla megawati 2,115. Linaweza pia kupunguza makali ya mafuriko. Nasema kupunguza: mwaka 2024 bwawa likiwa tayari lipo, maji yalifunika mashamba na makazi Rufiji na Kibiti. Bwawa lililokwisha kujaa halina tena pa kuweka mvua nyingine.

Lisilosemwa sana ni tope. Chota maji ya mto masika, yaache kwenye glasi usiku kucha. Asubuhi utaona utando chini. Ndivyo inavyotokea bwawani. Mto ukiingia kwenye maji yaliyotulia hupoteza kasi, ukatua mzigo wake. Mwaka hata mwaka tope linakula nafasi ya maji. Bwawa la Masinga, kwenye mto Tana nchini Kenya, linapokea udongo unaomomonyoka kwenye mashamba ya miinukoni, na hakuna fundi wa mitambo awezaye kuuzuia. Wa kuuzuia ni mkulima anayelima kwa makinga maji (matuta yanayokata mteremko) na kuuacha ukingo wa mto na miti yake.

Chini ya bwawa hali ni kinyume. Maji yaliyokwisha kutua tope yana nguvu lakini hayana mzigo, basi yanajichotea mchanga kwenye kingo na sakafu ya mto. Kwa bonde la Rufiji hili si jambo dogo. Wenyeji wana kilimo cha mlau: mafuriko yakishuka, hupanda mahindi au kunde kwenye udongo mbichi ulioachwa na mto, bila mbolea ya dukani. Mbele zaidi kuna delta, yenye msitu mkubwa wa mikoko kuliko mahali pengine popote mwambao wa Tanzania, na kambamiti hukulia humo. Mikoko inahitaji tope jipya na maji yasiyo na chumvi yanayosukumana na chumvi ya bahari. Mto ukipungukiwa na vyote viwili, chumvi hupanda ndani.

Kuna mengine: uvukizi (Mtera ni pana na si lenye kina kirefu, jua linalifaidi), na miti iliyozama ambayo ikioza hutoa methani, gesi inayochangia joto la dunia.

Mwenye bwawa anaweza kuiga mto kidogo, kwa kufungulia maji mengi kwa makusudi msimu wa mafuriko ili mashamba na maziwa madogo ya bondeni yajae. Hapo anapoteza umeme kiasi. Na lazima tarehe imfikie mwananchi mapema, kwa redio na kwa mwenyekiti wa kijiji, maana mpunga uliopandwa wiki iliyopita haujui ratiba ya milango ya bwawa.