Je, wajua neno la Kiingereza lililobeba herufi zote za Moshi na za Arusha?

Kosta za Moshi kwenda Arusha huandikwa majina ya miji yote miwili kwenye kioo cha mbele. Mpwa wangu, aliyeanza kidato cha kwanza mwaka huu, aliyasoma tukiwa bado stendi, na tulipokaribia Boma Ng'ombe akaniuliza: "Mjomba, kuna neno gani refu la Kiingereza lenye herufi zote za Moshi?" Si lazima zifuatane. M, O, S, H na I ziwemo tu, popote pale.

Wengi wetu tukipewa fumbo hili huanzia mwanzoni mwa neno: tunashika M, tunatafuta O, tunakwama. Kwa Kiingereza njia ya mkato ni kuanzia mkiani. Maneno marefu ya lugha hiyo hayakuzaliwa marefu. Mengi yametokana na neno fupi lililofungwa kiambishi tamati kimoja, viwili, hata vitatu. Kwa hiyo tafuta kwanza mkia unaomeza herufi zako nyingi kwa mpigo.

Kwa Moshi, mkia huo ni "-ship". Umeshabeba S, H na I. Sasa unabakiwa na kutafuta neno linalomtaja mtu, kama bingwa au mwenzi, lenye M na O ndani yake, na hapo milango inafunguka: "workmanship" lina herufi 11, "championship" 12, "sportsmanship" na "companionship" 13 kila moja.

Mkia huu ni wa Kiingereza cha kale, na kazi yake ni kugeuza jina la mtu kuwa jina la cheo, hali au ustadi. Sisi kazi hiyohiyo tunaifanya kwa herufi moja, tena mbele ya neno: bingwa, ubingwa, fundi, ufundi, mlezi, ulezi. Tazama basi tofauti. "Championship" ni herufi 12, ubingwa ni 7. Ndiyo maana mwanafunzi aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akiingia sekondari anakosomeshwa kwa Kiingereza, huyaona maneno hayo kama ukuta. Mimi naamini angefundishwa mikia mapema, ukuta huo ungekuwa ngazi.

Arusha ina mtego wake: A ni mbili. "Authorship" linakaribia kabisa, lina A, R, U, S na H, lakini A yake ni moja, kwa hiyo linaanguka. "Hazardous", yaani lenye hatari, linapita kwa herufi 9, na ukilifunga "-ness" linafika 13. "Guardianship", ule ulezi wetu, nalo linapita kwa herufi 12. "Humanitarianism" linapita kwa herufi 15, ila kwa Moshi halifai kwa sababu halina O.

Neno linalokidhi miji yote miwili, kila mmoja kwa zamu yake, ni "authoritarianism", utawala wa kiimla. Lina herufi 16. Hebu lifumue: "authority" ni mamlaka; likawa "authoritarian", ambalo bado halina S wala M; ndipo "-ism" ikaja mwishoni na kuleta zote mbili. Mkia ndio uliolikamilisha.

Mtu atasema, si uchukue tu neno refu kuliko yote kwenye kamusi? Kamusi kubwa za Kiingereza zina "pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis", ugonjwa wa mapafu unaosababishwa na vumbi laini sana la volkano. Lilibuniwa mwaka 1935 na wapenzi wa mafumbo ya maneno huko Marekani. Ni herufi 45, na hakuna H hata moja! Moshi haimo, Arusha haimo, japo miji yote miwili imekaa chini ya milima ya volkano.

Kompyuta haina haja ya mikia. Inapitia orodha nzima ya maneno na kuhesabu herufi. Kuna njia moja ya kuhesabu ninayoipenda sana. Kila herufi ipewe namba tasa yake: A iwe 2, B iwe 3, C iwe 5, D iwe 7, na kuendelea. Kisha zidisha herufi za neno. "Bad" inakuwa 3 mara 2 mara 7, yaani 42. Unataka kujua kama ndani yake mna A na B? Hizo ni 6. Gawanya 42 kwa 6: unapata 7 bila baki, na hiyo 7 ndiyo D iliyosalia. Ukiuliza C, 42 haigawanyiki kwa 5, basi C haimo. Njia haikosei kwa sababu kila namba nzima huvunjika kuwa namba tasa kwa namna moja tu. Hata ule mtego wa A mbili inaunasa: neno lenye herufi za Arusha lazima ligawanyike kwa 4, na "authorship" hugawanyika kwa 2 tu.

Tulipopita Usa River mpwa wangu aligeuza swali: je, kwa Kiswahili? Akaandika kwenye daftari lake "shimo". Ni herufi zilezile tano za Moshi, hakuna iliyozidi wala kupungua. Akaongeza "shimoni", "mashimoni", "mishono". Kwa Arusha alinyamaza kwa muda mrefu, mpaka karibu na Tengeru, ndipo akaandika "tutawarusha" na kupigia mstari herufi sita za mwisho. Zimekaa palepale, kwa mpangilio uleule wa kwenye kioo cha kosta.