Kabla Hatujagawa Viwanja, Tuyatengee Maji Njia

Kila masika yanapokolea jijini Dar es Salaam na barabara ya Jangwani kufungwa, mimi huulizwa maswali ya namna moja: mtaro gani umeziba, kalavati gani ni dogo, nani hakuzoa tope. Ni maswali ya haki, lakini yanaanzia mwisho wa safari ya maji. Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, unapita katikati ya makazi yaliyosongamana, unapokea vijito kadhaa vikiwamo vya Ubungo na Luhanga, ndipo ufike Jangwani na hatimaye kuingia baharini karibu na Daraja la Selander. Kinachoonekana Jangwani kimekusanywa njiani, paa kwa paa na uwanja kwa uwanja, na ndiyo maana kazi yangu ya mipango ya makazi hunipeleka mara nyingi zaidi juu mitaani kuliko chini bondeni.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Milimita moja ya mvua ikiangukia mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Nyumba yenye paa la mita za mraba 80, ikinyeshewa milimita 60, inamwaga lita 4,800; nyumba 50 za namna hiyo zinamwaga lita 240,000, yaani maboza 24 ya lita 10,000 yakifunguliwa kwa pamoja kwenye kichochoro kimoja. Zamani sehemu kubwa ya maji hayo ilinywewa na mchanga, mizizi ya minazi na mashamba ya mpunga ya bondeni. Leo uani kumesakafiwa, mbele ya nyumba kumetandikwa vitofali vya pevingi, na njia imeshindiliwa kwa kifusi.

Tunaposema miundombinu ya kijani, tunazungumzia kurudisha kazi hiyo ya kunywa na kupunguza kasi ya maji, kwa kutumia udongo na mimea iliyopangwa makusudi: bustani za mvua, yaani zilizo chini kidogo ya usawa wa njia ili zipokee maji, mitaro ya nyasi badala ya zege pale mteremko unaporuhusu, kingo za mito zilizoshikwa na nyasi za vetiva au mabingobingo, maeneo ya wazi yanayokubali kufurika kwa saa chache, na kule mlangoni mwa mto, mikoko. Anayedhani kwamba haya ni mapambo ya mji ayaone kama anavyoliona kalavati. Yana ukubwa wake, yana mahali pake, na yakikosewa yanaleta madhara.

Kuyakosea ni rahisi, na hapa naomba nikae kidogo. Kabla ya kukubaliana na wakazi kwamba mahali fulani panafaa bustani ya mvua, tunachimba shimo la kina cha sentimita 30, tunalijaza maji mara ya kwanza ili udongo ulowe, kisha tunalijaza tena na kushika saa. Penye mchanga wa pwani maji hupotea upesi. Penye mfinyanzi unaweza kurudi kesho yake asubuhi ukakuta maji yametulia vilevile, na mahali hapo bustani ya mvua ingekuwa zalio la mbu. Tunaangalia pia vyoo viko wapi, kwa sababu mitaa mingi ya Dar es Salaam bado inategemea vyoo vya shimo, na kuyapeleka maji ya mvua ardhini karibu navyo ni kuusambaza ardhini uchafu ambao tayari unatusumbua juu yake, hasa pale baadhi ya watu wanapongoja mvua kubwa ili watapishe vyoo vyao. Jambo la aina hii halimo kwenye picha ya setilaiti. Linajulikana na wanaoishi hapo.

Katika mtaa mmoja wa Ubungo nilipita na kina mama watatu wakinionyesha alama za maji ukutani. Mmoja alisimama penye ukuta wa jirani, akaweka kiganja juu kidogo ya goti lake, akaniambia, "Mwanangu, hapa ndipo yalipofika, na yalitokea kule kwenye mkorosho, si mtoni." Ramani tuliyokuwa nayo ilionyesha hatari ya mafuriko kutoka mtoni peke yake. Mkondo wa zamani uliotoka kwenye mkorosho ulikuwa umejengewa nyumba nne, na hakuna mchoro uliouonyesha. Tangu mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwashirikisha wanafunzi wa vyuo na wakazi katika kuchora mitaro, makalavati na maeneo ya mafuriko kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, na nafasi ya ujuzi wa watu kama mama huyu ni hapo hapo, kabla mchoro haujapigwa muhuri.

Naamini fursa kubwa tuliyonayo ni urasimishaji wa makazi, yaani kupima na kutambua viwanja vilivyokwisha kujengwa bila mpango. Kila mtaa unaporasimishwa, wenye viwanja huketi na kukubaliana nani aachie mita ngapi ili barabara ipite. Nimehudhuria vikao vingi vya aina hiyo ambavyo barabara ilijadiliwa kutwa nzima na maji hayakutajwa hata mara moja. Mkondo wa maji uchorwe kwanza, kwa rangi yake, barabara ifuate, na viwanja vije mwisho. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na mimi naiunga mkono, lakini katika vijito vyetu vyembamba mita 60 kila upande humeza karibu mtaa mzima, na matokeo yake ni alama nyekundu za X za kubomolewa ukutani na mabishano yasiyokwisha. Ukanda mwembamba ambao wakazi wenyewe wamekubali kuuacha wazi na kuupanda nyasi unalinda zaidi kuliko ukanda mpana ulio kwenye karatasi tu. Hata Mradi wa Bonde la Msimbazi, uliopata mkopo wa dola milioni 200 kutoka Benki ya Dunia mwaka 2022, utabeba mzigo mzito mno ikiwa mitaa ya juu itaendelea kuteremsha maji na mchanga kama sasa.

Lipo kosa ambalo nami nilishiriki. Miaka kadhaa iliyopita tulipanda miche ukingoni mwa kijito, kwa hafla, wageni wakiwa na fulana mpya. Bajeti yote ilikuwa ya siku ile. Kiangazi kilipoingia hapakuwa na wa kumwagilia, mbuzi wakala, wachimba mchanga wakaangusha ukingo pamoja na mizizi, na vuli iliyofuata ilikuta vijiti vikavu. Niliidhinisha mpango ule bila kuuliza ni nani angekuwa pale mwezi Agosti.

Sasa siweki mche ardhini kabla jina la mtunzaji halijaandikwa kwenye muhtasari wa mkutano wa mtaa. Vikundi vya vijana na wanawake vinavyozibua mitaro na kuotesha miche vinaweza kuomba mikopo ya halmashauri, ile inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, na mtendaji wa mtaa anaweza kuwasaidia kujaza fomu. Kule Ubungo, mama wa alama ya ukutani ndiye aliyekuwa wa kwanza kuachia hatua mbili za uwanja wake kwa ajili ya mkondo. Alitoa sharti moja, nalo liliandikwa kama alivyolisema: mtaro usafishwe kabla ya vuli na kabla ya masika, na tope lizolewe siku hiyo hiyo, lisiachwe mlangoni kwake.