Umemejua kisiwani: yanayodhaniwa na yalivyo

Tokelau ni visiwa vitatu vya matumbawe vilivyo chini ya New Zealand katika Bahari ya Pasifiki. Hadi mwaka 2012 Atafu, Nukunonu na Fakaofo viliwashwa kwa jenereta za dizeli iliyoletwa kwa meli, kwa kuwa hakuna kiwanja cha ndege. Mwaka huo zikafungwa paneli za sola 4,032, na habari zake zikaenea pamoja na dhana kadhaa zisizo sahihi.

Ya kwanza ni kwamba paneli zikishafungwa, kazi imekwisha. Paneli hazitoi chochote usiku, wakati taa huwashwa na friji huendelea kugandisha samaki, na ndiyo maana Tokelau ilihitaji pia betri 1,344 za kuhifadhi umeme wa mchana. Kwa maoni yangu, anayetaka kujua kama mradi wa kisiwani utadumu aanze kukagua chumba cha betri, paneli baadaye.

Wengine husema kwamba jua kali la tropiki huongeza umeme. Kinachozalisha umeme ni mwanga. Joto lenyewe hupunguza. Paneli ya silikoni hupoteza takriban asilimia 0.4 ya nguvu yake kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi inayozidi 25, na paneli iliyochomwa na jua la adhuhuri huwa na joto kuliko hewa inayoizunguka.

Hudhaniwa pia kwamba jenereta huondolewa. Tokelau ilizibakiza kwa ajili ya siku za mawingu mazito.

Dhana iliyokita mizizi zaidi ni kwamba jua ni bure, hivyo umeme wake ni bure. Dizeli hulipiwa kidogo kidogo kila meli inapofika, ilhali gharama ya sola hulipwa karibu yote mwanzoni, na hapo New Zealand ndiyo iliyotoa fedha. Gharama haikomi hapo. Hewa ya chumvi hula nati na nyaya, matumizi hupanda kadiri watu wanavyonunua vifaa vipya, na betri huchoka miaka mingi kabla ya paneli, ambazo huweza kutumika miaka 25 au zaidi. Betri za madini ya risasi zilizokufa haziwezi kufukiwa kwenye ardhi finyu ya matumbawe, ambako maji yasiyo na chumvi hukaa juu kidogo tu ya maji ya bahari. Lazima zipakiwe melini zirudishwe zilikotoka, na nauli ya safari hiyo inapaswa kuwamo katika bajeti tangu siku ya kwanza.