Plasebo kwenye majaribio ya dawa za ALS ni kitu gani

Plasebo ni dawa bandia, kidonge au unga uliotengenezwa ufanane na dawa yenyewe mpaka paketi, ila dawa ndani hamna. Kwenye majaribio mgonjwa anapangwa kwa bahati nasibu, na hata daktari anayempa hajui kampa ipi. Watu wakisikia hivi wanakuja juu, yaani mtu ana ALS, neva zinazoendesha misuli zinakufa, wengi wanaondoka ndani ya miaka 2 mpaka 5 tangu dalili zianze, halafu unampa unga mtupu? Hasira hiyo naielewa kabisa.

Ila ugonjwa huu hauna spidi moja. Kuna anayeshindwa kusimama ndani ya mwaka, na kuna Stephen Hawking, yule mwanafizikia, aliyeishi nao zaidi ya miaka 50, sasa ukiwapa watu dawa mpya bila kundi la kulinganisha na hali zao zisishuke sana, utajuaje ni dawa au ndo spidi yao tangu mwanzo? Kipimo chenyewe cha hali ya mgonjwa ni maswali 12 tu, kinaitwa ALSFRS-R, jumla pointi 48: unaandika vipi, unameza vipi, ngazi unapandaje, kitandani unageuka mwenyewe? Baba aliyekuwa anafunga vifungo vya shati peke yake akaanza kufungiwa na mkewe, hapo pointi imeshaondoka.

Relyvrio, dawa ya ALS, ilifanya vizuri kwenye jaribio la watu 137, Marekani wakaipitisha 2022, likaja jaribio la watu 664 na dawa haikuizidi plasebo, 2024 ikatolewa sokoni. Riluzole, dawa nyingine ya ALS iliyopitishwa huko 1995, kwenye majaribio iliongeza kama miezi miwili mitatu ya kuishi, na hiyo kwa macho huioni bila kulinganisha. Ndo maana mimi shuhuda za wauza dawa za Kariakoo, eti fulani kapona neva, hazinishtui.

Na wa plasebo hatelekezwi, majaribio mengi yanamwacha aendelee na riluzole, na siku hizi mara nyingi wanaopewa dawa ni wengi kuliko wa plasebo, halafu muda ukiisha wote wanaweza kupewa dawa. Hayo uliza kabla hujasaini, na kama jaribio linafanyika hapa Bongo, omba kuona kibali cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) na cha TMDA (mamlaka ya dawa).